Unalipia Lenzi ama Unalipia Nembo?

Wacha nianze na jibu ndio msingoje: kamera ghali ni nzuri kweli, lakini kuna mahali ubora unafika unasimama, halafu bei inaendelea kupanda peke yake. Shida yetu vijana wa Eastlands ni kwamba hatuonyeshwi huo mpaka uko wapi, na anayeuza hana haraka ya kutuonyesha.

Mimi hupiga picha na video za chakula, na kazi zangu nyingi huwa Soko la Burma, pale Jogoo Road. Kama hujawahi kufika, Burma ni nyama. Ni mvuke wa supu, moshi wa makaa, taa nyeupe za bucha zikigombana na jua linalopenya kwa mabati. Kwa kamera, hapo ni pabaya sana. Na hapo ndipo sensa kubwa inajitetea. Ile ya milimita 36 kwa 24 ina eneo zaidi ya mara mbili ya sensa ya APS-C iliyo kwa kamera nyingi za kuanzia, kwa hivyo inakusanya mwanga zaidi na kivuli cha kando ya jiko hakijai chengachenga. Hiyo si maringo, ni fizikia. Lenzi ya f/1.8 nayo inafanya kazi ambayo ile inayokuja kwa boksi haiwezi. Lakini cheki: 50mm f/1.8 ya Canon ni kati ya lenzi zao za bei ya chini kabisa. Ubora mkubwa mara nyingi uko chini kwa rafu, na hakuna mtu anakufanyia tangazo lake.

Sasa twende kwa wenye majina. Leica ya kwanza iliingia sokoni 1925 kutoka Wetzlar, Ujerumani, na ilibadilisha kazi ya upigaji picha: kamera ndogo, ya kutembea nayo, inayotumia filamu ya sinema. Heshima hiyo waliipata kihalali. Lakini Leica M11 ya 2022 ilitoka Marekani kwa dola 8,995, yaani zaidi ya milioni moja ya Kenya, na hapo bado hujanunua lenzi. Inapiga megapikseli 60. Kufokasi ni kwa mkono. Video haipigi. Kabisa! Mimi video zangu zinaishia TikTok, 1080 kwa 1920, pikseli kama milioni mbili tu. Hizo zingine zote nitazipeleka wapi?

Ukweli usemwe, lenzi zao ni kali na vyuma vyao vinadumu miongo. Mtu anayechapa picha kubwa za maonyesho ana sababu ya kununua. Siwezi kuita huo wizi.

Kuna nyingine lakini naziita kwa jina lake. Hasselblad, wale ambao kamera zao zilienda mwezini 1969, walitangaza kamera moja 2012 iliyoitwa Lunar. Ndani ilikuwa Sony NEX-7. Nje wakaweka mshikio wa kifahari, hata wa mbao, na bei ikafika kama yuro 5,000, mara kadhaa ya bei ya Sony yenyewe. Picha ni ileile jamani. Siku hizi hayo majina yamehamia kwa simu: Leica kwa Huawei P9 mwaka wa 2016, baadaye kwa Xiaomi, Hasselblad kwa OnePlus mwaka wa 2021, Zeiss kwa Vivo. Kuna kazi ya rangi na lenzi walifanya pamoja, sikatai, lakini sensa ya simu inabaki sensa ya simu hata ukiiandikia nini.

Mambo yangekuwa rahisi kama nembo ingekuwa bure tu. Si bure. Mzee mmoja wa bucha aliniita nimpigie video ya wikendi. Nikatoa simu na taa yangu ndogo. Akaniangalia.

"Kijana, na kamera iko wapi?"

"Mzee, ndio hii."

"Hiyo ni kama yangu. Basi si ningejipigia?"

Akakata bei nusu palepale. Wiki iliyofuata nilikodi kamera kubwa tauni, nikapiga nyama ileile, na akalipa yote bila swali. Nikiweka hizo video mbili kwa simu yake hawezi kuzitofautisha, nimejaribu. Kwa hivyo mtu akisema jina ni ushamba tu, namuuliza kama amewahi kuitisha diposti.

Halafu kuna kichekesho chake. Hiyo nembo inayokupandisha bei ndani ya bucha, ukitoka nje jioni unaificha. Watu wangu huziba maandishi na tepu nyeusi, na kamera inasafiri kwa mfuko wa sukuma wiki. Umelipia jina ndio ulifiche.

Naandika hii kwa sababu rafiki yangu wa Makongeni anataka kuuza nduthi yake anunue kamera ya sensa kubwa. Hiyo nduthi ndiyo inalipa rent na karo ya mdogo wake. Nilimkumbusha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilionyeshwa na BBC Oktoba 1984 na dunia ikaamka. Nani kati yetu anajua alibeba kamera ya kampuni gani? Akaniambia Mo Amin hakuwa anatafuta wateja Burma. Hapo alinipata.

Hesabu niliyompa ni hii: baki na nduthi, tafuta bodi ya mtumba na 50mm f/1.8, na siku mteja anataka kuona kitu kikubwa, kodi, halafu hiyo pesa ya kukodi iandike kwa bili yake. Amesema atafikiria. Jana usiku amenitumia tena picha ya ile kamera.