Nani Humlea Mtoto wa Mlezi?

Katika Pwani yetu, kuanzia Vanga hadi Lamu, ni nadra leo kuukuta ukoo usio na binti, wifi au mama mdogo aliyewahi kwenda Ghuba kufanya kazi ya nyumba. Hata neno "kadama" limeingia katika mazungumzo yetu kana kwamba tulizaliwa nalo. Lakini tunapowataja wanawake hawa, huwataja kwa namna mbili tu. Ama ni furaha: nyumba imepauliwa, ada ya shule imelipwa, mdogo wake ameozwa mke kwa jasho la dadake. Ama ni msiba: sauti iliyorekodiwa usiku wa manane ikiomba msaada, au jeneza linalosubiriwa uwanja wa ndege. Yaliyo baina ya hayo mawili, nayo ndiyo maisha ya walio wengi, hatuna mazoea ya kuyazungumza.

Ndipo tukaona vyema, juma hili, kuwaeleza wasomaji wetu habari za mwanamke msomi aliyeutumia umri wake wa kazi kuyachunguza hayo ya katikati. Jina lake ni Rhacel Salazar Parreñas, mwanasosholojia, yaani mtaalamu wa elimu ya jamii. Vitabu vyake tumevisoma kwa zamu, tukipokezana kama majirani wanavyopokezana sahani za futari, na kila tulipofungua ukurasa tulikuta majina ya Kifilipino lakini nyumba zilikuwa kama zetu.

Bi Parreñas alizaliwa Manila, akahamia Marekani angali msichana, akasoma katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley hadi kupata shahada ya uzamivu mwaka 1998. Tangu hapo amefundisha katika vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo Wisconsin, Brown, Southern California na Princeton. Maudhui ya utafiti wake hakwenda kuyatafuta mbali. Nchi aliyozaliwa ndiyo iliyojulikana ulimwenguni kwa kupeleka watu wake kufanya kazi ugenini. Sheria ya kazi ya Ufilipino ya mwaka 1974, zama za utawala wa Ferdinand Marcos, ililifanya jambo hilo kuwa mpango rasmi wa serikali, na mpango huo haukuondoka alipoondoka Marcos.

Kitabu chake cha kwanza, Servants of Globalization, kilitoka mwaka 2001. Alikwenda Roma na Los Angeles katikati ya miaka ya 1990, akazungumza na wanawake zaidi ya 70 wa Kifilipino waliokuwa wakifua, wakipika, wakilea watoto na kuwauguza wazee katika nyumba za watu. Huko Roma aliwakuta walipokusanyika siku zao za mapumziko, makanisani na karibu na kituo cha treni cha Termini, kwa kuwa nyumba walimolala hazikuwa zao na barazani hapakuwa na pa kukaa. Hakuwauliza maswali ya ndiyo na la tu. Aliwaacha waeleze.

Alichokipata ndicho kilichompa jina katika taaluma yake. Aliona wanawake watatu waliounganishwa pasipo kujuana wote. Wa kwanza ni bibi wa Kitaliano au wa Kimarekani anayetoka kwenda kazini na kutafuta wa kumwachia watoto. Wa pili ni Mfilipino anayekuja kuwalea watoto hao, akiwa amewaacha wake nyumbani. Wa tatu ni mwanamke maskini zaidi kule kule Ufilipino, asiyeweza hata kumudu nauli na gharama za wakala, ambaye huajiriwa kwa sehemu ya fedha zinazotumwa ili awatazame watoto wa yule wa pili. Na huyu wa tatu naye ana watoto. Nani anawatazama? Pengine binti yake mkubwa aliyeacha shule. Msomi mwenzake, Arlie Hochschild, aliposoma utafiti huo aliuita mpangilio huu mnyororo wa malezi wa dunia, na jina hilo likaenea.

Tulipofika hapo tulikiweka kitabu chini kwa muda. Mnyororo huo tunaujua, ila hatukuwa tumeupa jina. Binti wa Kisauni yuko Jeddah akiwaogesha watoto wa wenyewe. Wanawe amewaachia mama yake, na kwa kuwa magoti ya bibi hayana nguvu tena, kila mwezi hutoka kiasi katika fedha zinazotumwa cha kumlipa msichana wa kazi kutoka Ganze au Kitui. Msichana huyo, ukimuuliza, na wachache humuuliza, atakwambia naye ameacha mtoto kwa mamake. Kwa hivyo mnyororo ulioanzia Jeddah haukomei Kisauni. Unapita sebuleni, unaingia jikoni, unaendelea hadi kijiji ambacho hatujapata kukitembelea.

Jambo jingine alilolionyesha ni kuwa wengi wa wanawake hao hawakuwa watu wasiosoma. Walikuwamo walimu na waliokwenda vyuoni. Mshahara wa kufagia Roma uliupita ule wa kufundisha Manila, basi wakapanda kwa kipato na wakashuka kwa hadhi kwa wakati mmoja. Wasomaji wetu walio na mabinti wenye vyeti vya kidato cha nne, au vya ualimu wa chekechea, walioona pasipoti ina faida kuliko cheti, hawahitaji maelezo zaidi.

Kitabu cha pili, cha mwaka 2005, ndicho tuliochukua muda mrefu zaidi nacho. Mara hii Bi Parreñas alirudi Ufilipino kuwasikiliza watoto waliobaki, ambao sasa walikuwa vijana. Watoto ambao baba zao walikuwa ng'ambo walisema baba amekwenda kutafuta. Watoto ambao mama zao walikuwa ng'ambo walisema mama ametuacha, ijapokuwa mama huyo alipiga simu, alituma fedha, alijua mtihani ni lini na nani ana homa. Kazi ya wazazi hao wawili ilikuwa moja, lakini waliyahesabiwa tofauti. Na mama alipoondoka, mara nyingi baba hakuingia jikoni. Malezi yaliwaangukia bibi, shangazi na binti mkubwa, na wako akina baba waliohamia kwingine kutafuta kazi ili wasionekane wakifanya ya wanawake. Magazeti na viongozi nao wakawalaumu akina mama kuwa wamevunja nyumba.

Tulijadiliana sana juu ya hili. Suala la mwanamke kusafiri bila maharimu tumelisikia mimbarini mara nyingi, na masheikh wetu wana maneno yao ambayo si kazi ya ukurasa huu kuyarudia. Lililo nadra kusikika ni hili la pili. Katika dini yetu nafaka ni wajibu wa mume. Mke anapokwenda Riyadh kutafuta chakula cha watoto, mzigo wa mume amekwisha kuubeba yeye. Kisha tunamtaka aubebe na wake pia, kwa simu, kutoka maili elfu mbili, na mtoto akikosa adabu tunasema ni kwa sababu mama hayupo. Je, baba yuko wapi? Mara nyingi yuko pale pale mtaani. Bi Parreñas anaona tatizo liko katika mawazo ya kale juu ya kazi za mume na mke. Sisi hatuendi naye hadi mwisho wa njia hiyo, kwa kuwa kwetu mgawanyo wa majukumu una msingi wake. Lakini tunakumbuka kuwa Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa juu ya Mtume (s.a.w.) nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Mwanamume anayemkosha mtoto wake uso asubuhi mkewe akiwa safarini hajapungukiwa na kitu.

Kuna utafiti wake mwingine, wa Tokyo, uliotoka mwaka 2011, ambao tutaupitia kwa haraka kwa kuwa unahusu wanawake wa vilabu vya usiku na si wa kusomwa mbele ya watoto. Itoshe kusema kuwa alipinga desturi ya kuwaita wote watu waliouzwa, akionyesha kuwa milango ilipofungwa kwa jina la kuwaokoa, wengi walipoteza riziki bila kupewa nyingine. Hata kwetu serikali iliwahi kupiga marufuku, mwaka 2014, kupeleka watumishi wa nyumbani Mashariki ya Kati. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, lakini ilipokuwapo, wapo waliosafiri kwa kupitia nchi jirani, kwa siri, wakiwa hawana hata mkataba wa kuonyesha.

Sasa tufike Uarabuni kwenyewe. Mwaka 2021 alitoa kitabu kuhusu watumishi wa Kifilipino katika Imarati, chenye jina la Unfree, yaani wasio huru. Tulikifungua kwa hofu kidogo, tukidhani tutakuta Waarabu wakitukanwa, kama ilivyo desturi ya baadhi ya waandishi wa Magharibi. Hatukuyakuta hayo. Kinyume chake, anakataa kusema kuwa kila kadama ni mtumwa. Aliona waajiri wa namna mbalimbali. Wako wanaomnyima mtumishi utu, wakimpunja chakula na usingizi. Wako wanaomfanya mtoto mdogo, wakimpangia saa ya kulala na kumzuia kutoka kwa madai ya kumlinda. Na wako wanaomheshimu, wakamlipa kwa wakati na kumwita kwa jina lake.

Uzito wa hoja yake uko hapa: wote hao watatu wanaishi chini ya sheria moja. Neno kafala, kwa waliosoma fiqhi, ni neno la heshima. Ni dhamana, na anayemkafili yatima ameahidiwa makubwa. Katika sheria za kazi za Ghuba neno hilo lilipewa maana ya kufunga ukaazi wa mfanyakazi katika mkono wa mwajiri mmoja. Akiondoka bila ridhaa ya kafili wake, huripotiwa kuwa ametoroka, na kibali chake hakina thamani tena. Kwa hiyo hata aliyepata nyumba njema ameipata kwa hisani ya mwenye nyumba. Kesho mwenye nyumba akibadilika, au akifa na mtumishi akarithiwa na jamaa mwingine, hisani imekwisha na hana pa kushtaki kwa wepesi. Imarati ilitunga sheria mwaka 2017 iliyompa mtumishi wa nyumbani siku ya mapumziko kila wiki na kukataza kumshikia pasipoti, nayo ilikuwa hatua. Ila nyumba si kiwanda, na mkaguzi hapigi hodi chumbani.

Wanaorudi hutuambia, "Mimi nilipata watu wazuri." Tulikuwa tukiyasikia maneno hayo kama habari njema tupu. Baada ya kitabu hiki tunasikia ndani yake neno "nilipata," neno la bahati.

Jambo moja linatusikitisha. Rafu nzima imeandikwa juu ya wanawake wa Ufilipino, na mwandishi wake ni mzaliwa wa nchi yao. Juu ya wa kwetu, walioondoka Likoni, Mtwapa na Malindi, tumesoma zaidi ripoti za mateso kuliko uchunguzi wa subira wa maisha yao. Vyuo vikuu tunavyo sasa Mombasa na Kilifi, na mabinti wetu wanasoma humo. Anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda Roma. Aanze na mabibi wanaolea wajukuu, awaulize nani aliyekwenda kikao cha wazazi muhula uliopita. Kisha apite jikoni, amuulize msichana wa Ganze siku yake ya mapumziko ni ipi, na mara ya mwisho alimwona mwanawe lini. Na baba wa watoto pia aulizwe, akiwa amekaa barazani.