Susu alipotupeleka Njoro

Mzazi yeyote aliyesomesha mtoto katika shule ya upili ya bweni anaijua siku ya wazazi. Barua huja, tarehe hutajwa, nanyi hufunga safari na chapati, kuku na soda, mkaketi chini ya mti na kuulizana habari za alama. Chuo kikuu hakina barua ya aina hiyo. Mtoto akishavuka lango lake huhesabiwa kuwa mtu mzima, na mzazi asipojipangia wikendi yake mwenyewe, miaka minne itapita bila ya kuona hata kivuli cha bweni analolala mwanawe.

Mimi nilikaribia kuwa mzazi wa namna hiyo. Kifungua mimba wetu yuko mwaka wa tatu katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, akisomea kilimo. Kwa miaka miwili sikuwa nimekanyaga huko. Kisingizio changu kilikuwa kazi, lakini ukweli, msomaji, ni kwamba nilikuwa na kinyongo. Alama zake zilimtosha kusomea uhasibu hapa Nairobi, naye akachagua jembe. "Nilikutoa shambani, nawe wataka kurudi shambani?" nilimwuliza. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu kwenye simu yakawa ya karo na nauli tu.

Aliyenitoa nyumbani ni mama yangu, ambaye wajukuu humwita Susu kama ilivyo desturi yetu Ukambani. Alifika kutoka Makueni Ijumaa jioni akiwa na kiondo kilichojaa muthokoi na mfuko mdogo wa mahindi. "Kesho naenda kumwona mjukuu wangu," alisema. "Kama una kazi, nionyeshe tu matatu za Nakuru."

Mkubwa akisema hivyo, hujibiwi tena. Alfajiri ya Jumamosi tulikuwa njiani, mimi, mke wangu na Susu, aliyedai kiti cha dirishani. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi, na sehemu tamu ya safari ni pale Bonde la Ufa linapofunguka ghafla upande wa kushoto, mlima Longonot ukiwa umesimama peke yake na ziwa Naivasha likimetameta mbele yake. Kisha huja Gilgil, ziwa Elementaita, na hatimaye Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021. Hapo tulibadilisha gari, tukapanda kuelekea Njoro.

Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake si ya mchezo, na Susu alijifunga leso mbili. Ngano ndiyo malkia wa sehemu hizi. Kituo cha utafiti kilichoko hapo hupima mbegu za ngano kutoka nchi nyingi ili kujua zipi zitastahimili ugonjwa wa kutu ya shina, ule uliogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya tisini.

Chuo chenyewe ni kikongwe. Kilianzishwa mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo na Lord Maurice Egerton, Mwingereza aliyekuwa mlowezi hapa. Mwaka wa 1950 kikawa chuo cha kutoa diploma, mwaka wa 1986 kikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge.

Msichana wetu alitupokea langoni. Alimkumbatia Susu, akamkumbatia mama yake, kisha akanipa mkono. "Shikamoo, Baba." Nilijua mkono huo ulikuwa wa nini.

Alitutembeza kote, kuanzia maktaba, majumba ya mihadhara na miti mikubwa, hadi shamba la chuo liitwalo Tatton, jina la cheo cha huyo mwanzilishi. Susu alisimama mbele ya ng'ombe wa maziwa kwa muda mrefu, akihesabu kimoyomoyo. Mimi nilitembea nyuma, mikono mfukoni.

Tulipoketi kwenye nyasi kula, Susu alitoa ule mfuko wa mahindi. Msichana aliyapitisha vidoleni, akanyamaza. Kisha akaenda bwenini, akarudi na chupa kavu yenye kifuniko pamoja na chumvi kavu. Alitia mahindi, akatia chumvi kidogo, akafunga na kutikisa, akaiacha itulie.

"Chumvi ikishuka chini yote, mahindi yamekauka," alisema. "Ikigandamana na chupa, bado yana maji."

Chumvi iligandamana.

"Haya yametoka ghalani?" alimwuliza Susu. Susu akaitika. Msichana alieleza polepole. Si lazima yawe na sumu tayari, lakini mahindi yenye unyevu ndiyo nyumba ya kuvu, na kuvu hiyo ndiyo huleta aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haimalizwi kwa kupikwa. Dawa ni kuyaanika juu ya turubai, si kwenye mchanga, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kisha kuyahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa.

Susu aliweka sahani chini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliingia Makueni, Kitui na kwingineko Ukambani. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mmoja wao alikuwa jirani yetu.

"Ulinisimulia habari zake kila likizo, Susu," msichana alisema. "Mimi nilizaliwa mwaka uo huo. Ndiyo sababu niko hapa."

Kwa miaka miwili nilikuwa nimemwuliza kwa nini aliacha uhasibu, lakini sikuwahi kungoja jibu. Nilitoa simu, nikampigia ndugu yangu kijijini. "Toa mahindi yote ghalani leo," nilimwambia. "Tafuta turubai. Ngoja, nitakupa anayejua." Nikampa binti yangu simu. Alizungumza na baba yake mdogo karibu robo saa, nami nikamshikia sahani yake ya chakula.

Tulilala Nakuru, naye tukaenda naye. Jumapili asubuhi, kabla ya kurudi, tulipita Ngata kuona jumba la huyo Lord Egerton. Lilianza kujengwa mwaka wa 1938 likamalizika 1954, na lina vyumba 52. Mwenyewe alifariki mwaka wa 1958 bila mke wala mtoto. Susu alizunguka akigusa kuta za mawe.

"Vyumba hamsini na viwili," alisema, "na hakuna mtoto hata mmoja wa kumtembelea." Akatafakari. "Lakini aliacha shule, na wa kwetu anasoma humo. Basi si haba."

Mzazi mwenzangu, ukipanga safari kama hii, usije wakati wa mitihani, mwulize mtoto kwanza, na uondoke nyumbani alfajiri ili mchana wote uwe wenu. Beba sweta. Na ukiwa na swali la muda mrefu moyoni, liulize mkiwa mmeketi, kisha ungoje jibu.

Tulipoachana naye kituoni, hakunipa mkono tena. Alinikumbatia. Juma lililofuata alipiga simu, na kabla hata ya karo, tulizungumza juu ya turubai.