Magari ya Moshi Chini ya Bahari ya Sham

Kaskazini mwa Bahari ya Sham, karibu na ncha ya rasi ya Sinai nchini Misri, upo mwamba wa matumbawe uitwao Sha'ab Ali. Mashua za wapiga mbizi huondoka Sharm el-Sheikh kabla ya mapambazuko ili kuuwahi. Kinachowavuta watu huko ni meli ya Kiingereza, Thistlegorm, iliyokaa mchangani kwenye kina cha mita 30 hivi. Wengi huridhika kutazama malori, pikipiki na mabuti ya askari yaliyomo tumboni mwake. Wachache husogea kando, ambako zimelala injini mbili za gari la moshi, moja kila upande wa meli.

Injini hizo ni za aina ya 8F, iliyobuniwa na mhandisi William Stanier kwa ajili ya kampuni ya reli ya LMS. Ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 1935. Haikuwa injini ya fahari ya kuwakimbiza abiria. Kazi yake ilikuwa kuvuta makaa ya mawe na mizigo mingine mizito. Ndiyo maana ilipewa magurudumu manane ya nguvu yaliyounganishwa kwa vyuma, yapate kuing'ang'ania reli mlimani. Uzito wake ulipita tani 70, bila kuhesabu behewa la makaa na maji. Vita vilipoanza mwaka 1939 jeshi la Uingereza likaichagua, na jumla zikaundwa 852. Nyingine zilifika Iran, zikavuta shehena za kuisaidia Urusi, zikichoma mafuta badala ya makaa.

Hizi mbili zilikuwa za Misri. Kwa kuwa Bahari ya Kati ilijaa hatari, Thistlegorm iliondoka Glasgow mwezi Juni 1941 ikaizunguka Afrika kwa njia ya Cape Town, injini zikiwa zimefungwa juu ya sitaha. Safari ndefu kiasi hicho, na bado ikaambiwa itie nanga Sha'ab Ali ingoje, kwani njia ya kuingilia mfereji wa Suez ilikuwa imezibwa na meli iliyogonga bomu.

Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1941 ndege ya Ujerumani ilidondosha mabomu upande wa tezi, penye ghala la risasi. Mlipuko ukazirusha injini baharini kama maboksi. Watu tisa walikufa. Baharia Angus McLeay, aliyekuwa tayari kujiokoa, alimwona mpiga mzinga amejeruhiwa. Akarudi akambeba kuvuka sitaha inayowaka moto. Alitunukiwa Nishani ya George. Manusura walichukuliwa na manowari Carlisle.

Huko Uingereza injini za 8F ziliendelea kuvuta mizigo hadi Agosti 1968, reli ya taifa ilipoacha mvuke. Chache zimehifadhiwa, na baadhi huwashwa moto hata leo. Zile za Sha'ab Ali hazikupata kukanyaga reli ya Misri hata siku moja. Matumbawe yameota juu ya vyuma vyake, na samaki wamefanya maskani ndani yake.