Umewahi Kuona Chui Mwenye Pembe?

Mimi ni fundi rangi wa Kigoma. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa boti za Kibirizi: majina ubavuni, simba mbele, nanga nyuma. Kisha shule moja ya awali ikanipa ukuta wa uani, ikataka dinosauri. Nikatafuta picha ya filamu kwenye simu nikainakili. Nikamchora Triceratops, yule wa pembe tatu, kinywa wazi, meno kama msumeno, damu ikimchuruzika kidevuni. Nilimsimamisha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, nyuma yake michikichi, ng'ambo milima ya Kongo. Watoto walipiga kelele kila walipotoka darasani, nami nikahesabu kelele zile kuwa ndio ubora wa kazi.

Rangi haijakauka vizuri, akaja mzee mmoja kumchukua mjukuu wake. Alikuwa mwalimu mstaafu wa baiolojia. Akautazama ukuta, mikono mgongoni.

"Fundi, huyu anakula nini?"

"Nyama, Mwalimu. Huyaoni meno?"

"Mwanangu, umewahi kuona chui mwenye pembe?"

Nilikasirika. Nikamwambia watoto hawajali mambo hayo, na hela nimeshalipwa. Akacheka, akamshika mjukuu mkono, wakaenda zao. Usiku lile swali likaninyima usingizi. Ng'ombe, mbuzi, nyati, faru, pongo, wote wana pembe na wote wala majani. Simba, chui na fisi, silaha zao zimo kinywani. Nimekulia kwenye ng'ombe, na jambo hilo sikuwa nimeliona. (Baadaye niligundua kanuni ya Mwalimu ina tundu: kinyonga wa pembe tatu wa Usambara hula wadudu. Nilimpelekea habari hiyo mbio mbio kama mtu aliyeshinda kesi.)

Jumamosi nikaenda kumwomba radhi. Hakutaka radhi, alitaka tuzungumzie mnyama. Triceratops, akasema, alikuwa na mdomo uliopinda mbele kama wa kasuku, wa kukatia mimea, na ndani kabisa mamia ya meno yaliyobanana, mapya yakisubiri chini ya yaliyochakaa. Pembe za juu ya macho zilifika mita 1. Mafuvu mengine yana makovu yaliyopona, dalili kwamba walipigana wenyewe kwa wenyewe kama mafahali. Damu kidevuni nilimsingizia.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa mahali. Mnyama yule aliishi magharibi mwa Amerika Kaskazini, miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita, na katika Afrika haujapatikana mfupa wake hata mmoja. Ziwa letu, pamoja na kina chake cha mita 1,470, lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12 tu. Nilikuwa nimemnywesha maji ambayo hayakuwapo. Hata mbuga ya nyasi niliyomtandikia miguuni ilikuja duniani baada yake. Yeye alikanyaga kangaga, akapita chini ya miti ya jamii ya misonobari, akala na mimea ya maua.

"Halafu," Mwalimu akaniuliza, "wa kwetu wamekukosea nini?"

Sikujua kama tunao. Akanieleza habari za Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosauri kuanzia 1909 hadi 1913. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, kisha ikapelekwa Berlin, ambako dinosauri mmoja mwenye shingo kama ya twiga anasimama leo, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosauri mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Nami nikawaza meli yetu, MV Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma ndani ya masanduku. Miaka ile ile masanduku ya mifupa yalikuwa yakielekea huko ilikotoka. Meli imebaki kwetu, mifupa imebaki kwao, na mimi naona hesabu hiyo haijakaa sawa.

Nikarudi shuleni na msasa wangu, nikaufuta ukuta kwa gharama yangu. Kabla ya kushika brashi nilikwenda siku mbili kwa wafugaji, nikakaa tu kutazama fahali anavyoinamisha kichwa kizito kula, shingo inavyojaa, macho yanavyotulia. Kisha nikaanza na mimea. Kangaga kwanza, tope, ukungu wa asubuhi, na mwisho kabisa Triceratops, ameinama, mdomo umefumba, anatafuna. Upande wa pili nikamchora Kentrosaurus wa Tendaguru, naye mla mimea, mwenye miiba mgongoni na mkiani. Yeye hana pembe, ila ni mtoto wa nyumbani.

Watoto siku hizi hawapigi kelele sana. Wanakaribia ukuta na kugusa majani kwa vidole, mpaka rangi ya chini imeanza kubanduka. Bei yangu imepanda, na wateja wengine hunung'unika. Nawaambia mapema: mnyama namaliza kwa siku moja, majani yake yanataka siku tatu.