Gari la kuvuta mtumbwi wetu: tulivyolichagua

Wengi mmetuuliza sokoni Mulongwe, na wengine mmeulizana pembeni, kwa nini wauza ndagala wamenunua kamioneti iliyochakaa, yenye viti vilivyopasuka, wakati kwa pesa zile wangepata yenye kung'aa. Leo tunajibu wote kwa pamoja.

Mtumbwi wetu mnaujua. Ni wa mbao, mita saba na kidogo, na una moteri ya nguvu ya farasi 15. Zamani tulikuwa na ufuko mpana wa kuuweka. Ikaja ile Aprili ya 2020, mto Mulongwe ukafurika na kubeba nyumba za watu. Ziwa nalo likaanza kupanda, na mwaka 2024 likapanda tena. Pale tulipokuwa tukianika ndagala sasa ni maji. Mitumbwi inafungwa karibu na kuta za nyumba zilizoachwa, na upepo ukivuma usiku mawimbi yanaipigisha kwenye matofali. Usiku mmoja mbao mbili zilivunjika, na ilibidi mtumbwi upelekwe kwa fundi seremala, mbali na maji, upande wa juu.

Tulitafuta vijana, wakaubeba kwa mabega na kuusukuma juu ya magogo. Kwenye mteremko gogo moja likatoka, mtumbwi ukageuka, ukamwangukia kijana wa mwenzetu mguuni. Mguu ulivunjika. Kikundi kililipa matibabu, lakini kijana alikaa miezi minne bila kazi, na mama yake alikuja kwenye mkutano wetu kila wiki bila kusema neno. Hakuna aliyemlaumu mwingine. Ila tangu siku ile, tulipofungua sanduku la akiba, kila mtu alijua tunaweka pesa ya nini.

Tulianza vibaya, kama watu wengi: tulianza kutazama magari. Fundi wa magari mmoja, mzee anayetuheshimu, ndiye aliyetuzuia. Alituuliza, "Mama zangu, mtumbwi wenu una kilo ngapi?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Akasema gari la kuvuta halichaguliwi kabla ya kujua linavuta nini.

Mizani ya kupima mtumbwi hatukuwa nayo. Mama kesiere wetu ndiye aliyepata akili. Alituuliza vijana walioubeba walikuwa wangapi. Walikuwa 22. Akauliza mtu mmoja anaweza kubeba kilo ngapi begani akitembea pamoja na wenzake, tukasema kama 40. Hiyo ni kilo 880. Tena mbao zilizokaa majini hunywa maji, kwa hiyo mtumbwi uliotoka ziwani leo ni mzito kuliko ule uliokauka mwezi mzima kwa seremala. Ongeza remorki yenyewe ya chuma. Tukaandika kwenye daftari: kilo 1,200, na tusijidanganye kwamba ni pungufu.

Kuhusu mazutu hatukubishana sana. Injini ya mazutu ina nguvu hata ikizunguka polepole, na kuvuta mzigo kutoka majini ni kazi ya polepole. Wenye esansi wanatusamehe.

Gari la kwanza tulilotazama lilikuwa Hilux ya lita 3 yenye mitambo ya kisasa, D-4D, nyeupe, safi, na redio. Nusu yetu tulikwisha kujiona ndani yake. Mwenye kuuza alitaka tulijaribu kwenye barabara ya lami, mbele mpaka Kavimvira na kurudi. Sisi tukasema hapana, samaki hawatui kwenye lami. Tukaliomba lishuke ufukoni, mahali mchanga umelowa, livute mtumbwi wetu uliokuwa umewekwa juu ya remorki ya kuazima. Injini ilinguruma vizuri sana. Magurudumu ya nyuma yakachimba, yakachimba, mpaka chasi ikakaa juu ya mchanga. Lilikuwa linasukumwa na magurudumu mawili tu. Vijana wale wale wakaja kulitoa, na safari hii walitucheka.

Siku hiyo tulijifunza kwamba nguvu ya injini ni kitu kimoja, na gurudumu kushika ardhi ni kitu kingine. Kamioneti tupu ni nyepesi upande wa nyuma. Kwa kazi ya ufukoni ni lazima magurudumu yote manne yavute, na iwepo ile gia ndogo ya pili inayotembeza gari kama kobe lakini kwa nguvu zote. Na kabla ya kuingia kwenye mchanga unapunguza upepo wa matairi kidogo, yapanuke. Ukifika barabarani unarudisha. Mwenye pampu ya baiskeli asiiache nyumbani.

Fundi alituambia jambo lingine kuhusu gari lile jeupe. Injini za namna ile husukuma mazutu kwa shinikizo kubwa sana kupitia matundu madogo sana, na uchafu au maji kidogo huziharibu. Hapa kwetu siku nyingine mazutu unayapata kituoni, siku nyingine kwa kadafi mwenye bidoni kando ya barabara. Mama, jaribuni wenyewe: jazeni chupa ya kioo mazutu ya barabarani, iacheni ilale usiku mmoja, asubuhi mtazame chini yake. Sisi tuliona maji yamejitenga, na kitu kama vumbi la kahawa. Injini ya zamani nayo haipendi maji, lakini ikiugua fundi wa hapa Uvira anaifungua kwa funguo zake. Ile ya kisasa inahitaji kompyuta ya kuipima, na vipuri vya bei inayotia homa.

La pili lilikuwa Land Cruiser, ile kamioneti ngumu mnayoiona kwenye mashirika, injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Hatutasema uongo, hilo ni gari. Wenye kulitengeneza wanaliruhusu kuvuta tani tatu na nusu, remorki ikiwa na breki zake. Lilipanda ufukoni na mtumbwi nyuma kama halivuti kitu. Wenzetu watatu walisimama wakasema hilo ndilo, tukope.

Mkutano ule ulikwenda mpaka jioni. Mwenye kuuza alikubali tulipe nusu, nusu nyingine kila mwezi. Lakini mnajua siku hizi uvuvi unafungwa miezi mitatu, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaane. Miezi hiyo mtumbwi unalala. Deni halilali. Tulipiga hesabu mara tatu, na mara zote tulifika Julai tukiwa na mikono mitupu. Tena injini kubwa inakunywa mazutu mengi hata ikibeba vikapu vinne. Mama mmoja akasema ni kama kununua ng'ombe kwa sababu unapenda maziwa kwenye chai. Tukacheka, na yule aliyetaka sana Land Cruiser akacheka wa mwisho, lakini alicheka.

Basi likaja la tatu, hili mnaloliona. Hilux ya zamani, chumba kimoja, magurudumu yote manne yanavuta, injini ya 5L, lita 3, bila turbo, bila kompyuta. Ni ya polepole. Kwenye kilima lori la mihogo linaweza kutupita. Usukani uko kulia, kwa sababu ilitoka Japani ikapita Dar es Salaam kama nyingi za huku, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake ni kwamba dereva akitaka kupita gari lingine haoni mbele, na nyuma yake kuna remorki. Kwa hiyo mwenzetu mmoja hukaa kiti cha kushoto kila safari, na kazi yake ni kutazama na kusema "bado" au "pita". Mpaka leo amesema "bado" mara nyingi zaidi.

Hili hatukulinunua kwa macho. Tulikwenda saa kumi na mbili asubuhi bila kutoa habari, kabla mwenye kuuza hajaiwasha, kwa sababu injini iliyokwisha kupata moto huficha magonjwa yake. Fundi aliweka mkono juu ya injini, ilikuwa baridi, akakubali iwashwe. Iliwaka mara ya pili. Moshi mweusi kidogo, kisha ukaisha. Alisema tungeona moshi wa bluu usiokwisha, ni mafuta ya injini yanaungua. Mweupe usiokwisha na maji ya rejeta yanapungua, tukimbie. Alitoa kile kijiti cha kupimia mafuta akatuonyesha: kama yana rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yameingia. Yalikuwa meusi tu. Mwisho akalala chini na tochi kutazama chasi, maana bodi mtu anaweza kupaka rangi, chasi iliyoliwa na kutu haijifichi kwa mtu aliyelala chali.

Tulipotaka kulipa ndipo likaja lile ambalo hatukulitegemea. Mwenye kuuza aliuliza, "Bwana zenu wako wapi? Nani atasaini?" Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Mama sekretere wetu akamjibu kwa utaratibu kwamba Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilibadilishwa kwa sheria ya 15 Julai 2016, na ile ruhusa ya bwana iliyokuwa inadaiwa kwa mwanamke aliyeolewa iliondolewa. Tena kamioneti hii haikuwa mali ya nyumba ya mtu, ilikuwa ya kikundi chenye karatasi zake. Akatafuta kalamu. Tulisaini watatu, na hati ikaandikwa kwa jina la kikundi. Bwana mmoja, hatumtaji kwa kuwa tunakula kwake sikukuu, alikuwa amejitolea iandikwe kwa jina lake "ili mambo yawe mepesi". Tulimshukuru.

Likabaki la ufunguo. Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu na funguo tatu kwa mama watatu, kama vikundi vingi vya akiba. Hakuna anayelifungua peke yake, na kwa sababu hiyo hatujawahi kugombana. Kamioneti ina ufunguo mmoja. Aliye nao anaweza kwenda Baraka na kurudi, na sisi tukajua kwa kuona mazutu yamekwisha. Tulifikiri kuajiri dereva na kumwachia, tukakataa. Ufunguo sasa unalala ndani ya sanduku. Asubuhi wanafungua watatu, dereva anasaini, anaandika namba ya kilomita. Jioni anaandika tena. Ni usumbufu, hasa mvua ikinyesha saa kumi na moja alfajiri na mama wa kufuli ya pili anaishi Kalundu. Dereva alilalamika mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili daftari lilimwokoa, mtu aliposema amemwona na gari letu mahali ambapo hakwenda.

Kosa letu tunalisema pia. Remorki ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea vyuma kwa ekseli ya gari bovu, haina breki. Tulifikiri kuvuta tu, hatukufikiri kusimama. Siku ya kwanza tulipotoka kwa seremala kuteremka, mtumbwi ulianza kuisukuma kamioneti. Dereva alipiga breki, remorki ikataka kupita pembeni. Wenzetu wawili waliokuwa nyuma waliruka. Hakuna aliyeumia, lakini tulikaa chini kando ya barabara kitambo kabla ya kuendelea. Baadaye fundi alitueleza kwamba kwa kamioneti kama hizi remorki isiyo na breki kawaida haipitishi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Yetu imepita. Siku hizi tunatoa maji yote mtumbwini, moteri, nyavu na bidoni vinapanda ndani ya kamioneti, tunateremka kwa gia ya kwanza, na hakuna mtu anayepanda juu ya mtumbwi, hata mtoto anayelia. Na sanduku linakusanya tena, kwa ekseli yenye breki.

Jambo dogo la mwisho, kwa wenye remorki. Ukifika ziwani usiizamishe mara moja. Vitovu vya magurudumu vimepata moto njiani. Vikiingia kwenye maji baridi ghafla vinavuta maji ndani, grisi inaharibika. Ngojeni kama nusu saa. Sisi tunakunywa chai.

Kijana wa mwenzetu anatembea sasa, anachechemea kidogo. Ndiye anayefunga kamba za mtumbwi kwenye remorki, na hakubali mtu mwingine aziguse. Vikundi vya Kasenga na Kimanga vilivyoomba tuwasaidie kuvuta mitumbwi yao kwenda kwa seremala, tumekubali: Jumatano na Jumamosi, mazutu ni yenu, na mje kwanza na hesabu ya vijana waliobeba mtumbwi wenu mara ya mwisho.