Mhunzi wa Kwenye Simu

Mzazi, kabla hujamnyang'anya mtoto simu, muulize anacheza nini. Wangu, hapa Musoma, ni mhunzi katika Old School RuneScape. Ngazi ya 15 aliruhusiwa kuyeyusha chuma, nusu ya mawe yakipotea bure. Ya 30, jiwe moja la chuma kwa makaa ya mawe mawili, akapata pua. Kwamba makaa ndiyo hugeuza chuma kuwa pua ni kweli, na hakufundishwa na mimi.

Ila moto wa simu hauchomi. Nikampeleka Bunda, kwa mzee anayefua majembe kwa springi za magari. Akavuta mivukuto mpaka jasho likamtoka. Mzee akamwonyesha rangi: kikiwa chekundu kama damu, bado, kikielekea chungwa, piga. (Kwenye simu anabonyeza tu, vyuma vinajifua, na bando langu linayeyuka.)

Simu sijamnyang'anya. Likizo hii anarudi Bunda. Nauli natoa mimi, bando ajinunulie.