Hombolo: Wikiendi ya wawili kwenye mizabibu

Ukisikia mtu anampeleka laazizi wake mapumziko, akili inakimbilia Zanzibar. Mchanga mweupe, madafu, picha za jua linapozama. Ni kuzuri, hatukatai. Lakini kama mmoja wenu yuko Dar na mwingine yuko kikazi Dodoma, Zanzibar inabaki ndoto ya mwisho wa mwaka, na penzi linaendelea kuishi kwa simu na meseji za kutumiana hela.

Na wanaoishi hivyo ni wengi. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma. Watumishi wakaanza kuhama kwa awamu, na nyumba nyingi zikagawanyika: baba kwenye chumba cha kupanga Dodoma, mama na watoto Dar kwa sababu ya shule, au kazi ya mama, au ile nyumba ambayo haijaisha. Kwingine mama ndiye aliyehama, baba akabaki na watoto. Mkitembeleana, mnaonana Ijumaa usiku. Jumamosi ni soko, kufua na kubishana kidogo kuhusu ada. Jumapili mtu anawahi usafiri. Jumatatu mnaulizana kwenye simu, "Hivi tuliongea nini?"

Kama hayo ni yenu, hebu wikiendi moja msikae mjini. Zaidi kidogo ya kilometa 40 kaskazini mashariki mwa Dodoma mjini kuna Hombolo. Kuna jua la kutosha, bwawa kubwa na mashamba ya zabibu. Kelele hakuna.

Zabibu jangwani?

Mgeni wa Dodoma akiona ule ukame, mibuyu imesimama mitupu na vumbi jekundu linapanda, haamini kwamba hapa ndipo Tanzania inapopata zabibu zake. Ukweli ni kwamba mzabibu unaipenda hali hiyo. Dodoma iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, usiku upepo unapoa, na kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ni ya kusikia kwenye redio. Mzabibu hauchukii ukame kama unavyochukia unyevu, maana unyevu ndio unaoleta ukungu kwenye majani na kuozesha vichala.

Wamisionari wa Kikatoliki ndio walioleta miche ya kwanza katika miaka ya 1950 na kuipanda Bihawana, upande wa pili wa mji. Walitaka divai ya misa. Wagogo wakaona mti unaovumilia ukame, wakauchukua mpaka mashambani kwao. Leo hii kule Makutupora, kaskazini mwa mji, kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na jina la mahali hapo limepewa aina maarufu ya zabibu za mvinyo mwekundu. Aina nyingine mtakazozisikia zikitajwa na wakulima ni Chenin Blanc ya mvinyo mweupe na Syrah. Hombolo yenyewe ilipata kiwanda chake miaka ya 2000, CETAWICO, kilichoanzishwa kwa mkono wa Waitaliano.

Kumbe chupa ile mnayoagiza hotelini mkidhani imevuka bahari, huenda imetoka kwa jirani.

Mti unaozaa mara mbili

Sasa hapa ndipo Hombolo inapotupa somo, na wala si la kulazimisha.

Ulaya mzabibu unavunwa mara moja kwa mwaka. Baridi ikija unapukutisha majani, unalala, ukiamka unaanza upya. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Ukiuacha, utaendelea tu kutoa majani na matawi mwaka mzima, umestawi kwa macho, lakini matunda ni ya kubahatisha. Kwa hiyo mkulima anaulaza mwenyewe. Anachukua mkasi anapogoa, matawi karibu yote yanakwenda chini, kinabaki kigogo na vijiti vifupi. Baada ya hapo mti unachipua na vichala vinatoka. Anafanya hivyo mara mbili kwa mwaka, ndiyo maana Dodoma ina mavuno mawili: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba.

Mzee mmoja alitupitisha shambani kwake, mimi na mume wangu. Baada ya shikamoo na "Mbukwenyi" za kutosha, nilimuuliza kama haoni uchungu kukata matawi mabichi kiasi kile. Akacheka. "Mwanangu, ukilionea huruma jani, zabibu utanunua sokoni."

Nikamwangalia mwenzangu, naye akaniangalia. Maisha yetu yalikuwa na majani kibao: kikao hiki, kikundi kile, harusi ya huyu, kiwanja cha kule. Yote mabichi, yote mazuri. Lakini wikiendi mbili kwa mwaka, mnazikata kabisa mkakaa wawili tu, hazikuwepo. Sidhani kama ni sisi peke yetu.

Mnafanya nini huko?

Jibu fupi: kidogo sana, na ndiyo raha yenyewe.

Asubuhi mapema, kabla jua halijachoma, tembeeni mashambani. Ombeni ruhusa kwanza, mashamba ni ya watu. Msimu wa Agosti na Septemba ndio mzuri zaidi kwa wageni. Ni kiangazi, barabara za vumbi zinapitika, na zabibu zilizoivia juani bila mvua zinakuwa na sukari ile mbaya. Nunueni hapohapo kwa mkulima. Msidonoe dezo mkasema mnaonja!

Mkitaka kuona mvinyo unavyotengenezwa, pigeni simu kiwandani siku kadhaa kabla, kwa sababu ni mahali pa kazi. Mtaona jinsi zabibu nyekundu zinavyochachushwa pamoja na maganda yake, kwani rangi inakaa kwenye ganda, wakati nyeupe zinakamuliwa na maganda yanawekwa pembeni. Mmoja wenu anaendesha? Basi huyo aonje zabibu tu, chupa mfungue mkishafika mnakolala. Na kama nyote hamtumii kilevi, hamjapoteza kitu. Kichala kimoja cha zabibu za kula, kimeoshwa vizuri, mnalishana kivulini. Nani kasema mapenzi yanahitaji kizibo?

Jioni nendeni bwawani. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na kwenye nchi kame kama ile ukilitazama unapumua. Kuna mitumbwi ya wavuvi, ndege wa majini na upepo. Tandikeni kanga mkae. Lakini ni maji ya kutazama, si ya kuogelea. Kichocho kinapenda mabwawa ya namna hii, kwa hiyo miguu ibaki nchi kavu.

Chakula? Perege wa bwawani wa kukaanga na ugali wa uwele, pembeni mlenda. Wewe uliyezoea chipsi kuku, jaribu. Mlenda una njia yake ya kuliwa, na kumwangalia mtu wa Dar akiufukuza kwenye sahani ni sinema ya bure.

Mambo mazito yana mahali pake

Watu wengi wanadhani mapumziko ya wapendanao ni kukimbia matatizo. Mimi naona ni kuyapa kiti kizuri. Palepale ukingoni mwa bwawa ndipo tulipozungumza jambo ambalo kwenye simu lilikuwa halina nafasi: nani amfuate mwenzake? Yeye arudi Dar, au mimi niache duka langu na watoto wabadilishe shule?

Hatukumaliza. Ila kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema "tutaongea baadaye, salio linaisha". Yeye alieleza upweke wa kula peke yake kila usiku, kitu ambacho hakuwahi kunitajia. Mimi nilieleza ninavyojisikia kuwa baba na mama kwa wakati mmoja. Tukapanga kila mtu akafanye hesabu zake, na jibu tulitoe mavuno ya Machi, hapohapo. Tulipoondoka nilikuwa na tarehe mkononi, na mtu mwenye tarehe analala vizuri kuliko mtu mwenye ahadi.

Usiyaone mashamba kama picha tu

Kitu kimoja zaidi. Zabibu ya mvinyo ikiiva haingoji. Mkulima asiye na mnunuzi ana siku chache tu kabla jasho lake halijaoza, na kwa miaka mingi soko na bei ndivyo vilivyokuwa kilio cha wakulima wa Dodoma. Wengine wameamua kukamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi wakisubiri mnunuzi. Kwa hiyo ile elfu kumi mnayomwachia mkulima ina kazi. Na mkirudi Dar, kwenye sherehe ya kamati mnapopanga vinywaji, ulizeni kama kuna cha Dodoma.

Mnafikaje, mnalala wapi?

Kutoka Dar, tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inafika Dodoma kwa takriban saa nne, hivyo Ijumaa jioni mnaweza kuwa pamoja bila kuchoka. Kutoka mjini mnashika barabara ya Dar hadi Ihumwa, mnakata kushoto kwenda Hombolo. Mkiwa na gari lenu ni bora zaidi.

Msitegemee hoteli ya kitalii. Hombolo ni kijiji cha wakulima na wavuvi, na wanafunzi wa Chuo cha Serikali za Mitaa. Mkipenda starehe zaidi laleni mjini, mwende Hombolo asubuhi na kurudi jioni. Bebeni kofia, maji ya kunywa, viatu vya kufunika vidole, na sweta kwa ajili ya usiku, hasa Juni na Julai, kwani ubaridi wa Dodoma unawashangaza wengi. Na bebeni chenji, kijijini noti kubwa ni mzigo.

Simu? Zije, ila zilale kwenye begi. Ofisi itakuwepo Jumatatu, na kikundi cha harusi kitachangisha hata msipokuwepo. Safari njema, na mkirudi tuleteeni japo kichala kimoja!